Waheshimiwa, njooni muuone uwanja wetu kabla haujajengwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira.
Nakala: Mheshimiwa Meya; Mkurugenzi; Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: ENEO LA WAZI LA MTAA WETU MLILORIDHIA LIBADILISHWE MATUMIZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mlionizidi umri nawaamkia, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa mtaa mmojawapo wa Dar es Salaam tangu 1988. Nilifundisha Jiografia na michezo kwa miaka 31, na tangu nistaafu nawafundisha mabinti wa mtaani mchezo wa pete. Jina la mtaa na la halmashauri sikuliandika hapa kwa makusudi. Nyinyi mnaohusika mtajijua, maana nakala yenye sahihi yangu na namba ya kitalu nimeifikisha masjala na imegongwa muhuri. Wengine watakaoisoma, wa Temeke, wa Ubungo, wa Kigamboni, naomba wasome huku wakiufikiria uwanja wa kwao. Nina hakika wanao, au waliwahi kuwa nao.

Uwanja wetu ni mdogo. Ukubwa wake ni kama viwanja vitano vya nyumba za kawaida, na kwenye kona moja kuna mwarobaini nilioukuta. Mwaka 1996 wapima walipokuja kuweka bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, nilikuwa miongoni mwa kina mama waliowapelekea maji ya kunywa. Mmoja wao akatandaza mchoro juu ya boneti ya gari akatuonyesha: nyumba zetu visanduku visanduku, barabara nyeupe, na katikati kipande cha kijani. Tukamuuliza hicho cha kijani ni nini. Akasema, "Hicho ni chenu wote, hakina mwenyewe." Siku ile tulifurahi. Leo nikiyakumbuka maneno yale naona yalibeba hatari, kwa sababu wako watu wakisikia kitu hakina mwenyewe, wanaanza kukitafutia mwenyewe.

Kwenye muhtasari wa kikao chenu uwanja huo umeandikwa "eneo lisiloendelezwa". Naomba basi niwaeleze unavyofanya kazi, kuanzia asubuhi.

Saa kumi na mbili watoto wa shule wanakatiza pale kukwepa bodaboda za barabara kubwa. Saa nne kina mama wa magenge wanapanga meza zao kwenye kivuli cha mwarobaini, na wazee wa bao wana upande wao ambao hakuna anayeugusa. Saa kumi jioni ni zamu yetu ya pete. Nguzo zetu mbili ni za bomba, ringi zake alizikunja fundi wa kuchomelea kwa vipande vya nondo, hakutaka hela. Mistari tunaichora kwa majivu kwa sababu chokaa ni ghali. Vijana wa mpira wa miguu wanatupisha hadi saa kumi na moja, kisha sisi tunawapisha wao. Makubaliano hayo yana zaidi ya miaka kumi na hayajawahi kuandikwa popote. Watoto wakija kupewa matone ya chanjo, meza inawekwa hapo. Siku ya kura, vituo viko hapo. Swala ya Idd inaswaliwa hapo, na kwaya ya kanisa la jirani imewahi kufanya mkutano wake hapo siku tatu. Moto ulipowaka nyumba za nyuma, gari la zimamoto lilisimama hapo, kwa sababu vichochoro vyetu haviingizi gari, na mipira ya maji ikavutwa kutokea uwanjani.

Na misiba. Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Nyumba zetu zimebanana. Kati ya ukuta wangu na wa jirani anapita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Mtu akifariki, hakuna ua wa kukalisha watu mia mbili, kwa hiyo turubai linafungwa uwanjani. Mwaka juzi alitutoka mama mmoja muuza vitumbua, niliyewafundisha watoto wake wanne. Tulikaa pale siku tatu, wanaume upande wa mwarobaini, sisi kina mama kwenye mikeka upande wa nyumba, masufuria yakichemka kwa kuni pembeni. Jeneza lilipotolewa ndani lilipitishwa kichochoroni kwa kuinamishwa, kwa sababu pana kona kali, na wanawe walikuwa wanalia na huku wanaelekezana, "shusha, shusha, inua huku." Lilipofika uwanjani likanyooshwa, likawekwa chini, likaswaliwa. Katika mtaa wetu wote hakuna mahali pengine ambapo watu sita wanaweza kumbeba maiti wao wakiwa wamesimama wima.

Hilo ndilo eneo lisiloendelezwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, kabla hata jua halijachomoza vizuri, malori matatu yalimwaga kifusi pale. Mchana yakaja mengine. Jumatano ikasimama nguzo ya kwanza ya uzio, na Ijumaa uwanja wote ulikuwa umezungushiwa mabati ya bluu. Nguzo zetu za pete zilibaki ndani. Mabati yana urefu wa futi nane, nguzo zina futi kumi, kwa hiyo kutokea barabarani unaona ringi mbili zimechungulia juu ya uzio. Mabinti walikuja saa kumi na mpira wao wakasimama nje, wakaniuliza, "Mwalimu, leo tunachezea wapi?" Sikuwa na jibu. Tuliwahi kucheza barabarani mara mbili, ya pili bajaji ikamgonga mmoja mguuni. Tukaacha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Aliniapia kuwa naye ameona mabati kama nilivyoona mimi. Nikaenda ofisi ya kata, nikaambiwa suala limetoka juu, limeshapita kwenye kamati. Nikafunga safari makao makuu ya halmashauri mara nne. Mara ya nne mtumishi mmoja, Mungu ambariki, alinifungulia faili nikasoma. Ilikuwa ajenda ya 14. Iliandikwa kuwa kamati ilipokea, ikajadili na kuridhia maombi ya kubadilisha matumizi ya eneo lisiloendelezwa kuwa makazi na biashara. Mstari mmoja na nusu. Jina la mtaa halikuwemo, na neno uwanja halikuwemo. Mjumbe aliyekuwa akisikiliza ajenda hiyo, kama si mwenyeji wa kwetu, asingeweza kujua kuwa mahali penyewe pana mwarobaini, pete na misiba.

Nikauliza kama wananchi walitaarifiwa. Nikajibiwa kuwa tangazo lilibandikwa. Nikaomba kuonyeshwa. Lipo kweli, kwenye ubao wa matangazo pale makao makuu, safari ya daladala mbili kutoka kwetu. Ni karatasi moja nyuma ya kioo, imefunikwa nusu na tangazo la zabuni, na ule upande uliobaki umepigwa na jua hadi wino umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtaa wetu umetajwa kwa namba ya kitalu tu. Nimekaa hapo zaidi ya miaka 35 na sikuitambua namba ile. Ilibidi yule mtumishi anitafutie kwenye ramani. Sasa nawauliza kwa heshima, tangazo lile lilikuwa linamtangazia nani?

Masika yakaja.

Kwa wasiopajua kwetu, ardhi ni ya kichanga na inateremka polepole kutoka barabara ya lami kuelekea mtoni. Uwanja uko kwenye kiuno cha mteremko huo, tena umezama kidogo, kama bakuli. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya nyumba zaidi ya hamsini yanakusanyika pale kwanza, yanatulia, mengine yanazama mchangani, na yanayobaki yanaingia taratibu kwenye mtaro ambao upana wake hauzidi futi mbili. Kwa saa tatu au nne uwanja unakuwa bwawa, watoto wanaogelea, halafu maji yanaisha. Tulidhani ni kasoro ya uwanja wetu. Kumbe ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Kifusi kimeuinua uwanja kuliko nyumba zilizo upande wa chini. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza mwezi wa nne, maji yalifika kwenye mabati, yakakosa njia, yakageuka. Bibi mmoja anayeishi na wajukuu watatu aliamka maji yakiwa magotini. Asubuhi nilikwenda kumsaidia kutoa tope. Alama ya maji ukutani ilifika chini kidogo ya soketi ya umeme, na Mungu tu ndiye aliyewaokoa watoto wale. Gunia la mchele wa biashara lilikuwa limevimba. Madaftari ya mjukuu wa darasa la tano tuliyaning'iniza kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, hesabu zake zote zimekuwa michirizi ya bluu. Miaka yote niliyokaa mtaa ule, nyumba ile haikuwahi kuingia maji.

Waheshimiwa, haya ya kwetu ni madogo mkiyalinganisha na mafuriko ya bonde la Jangwani, lakini mzizi wake ni ule ule, na ninyi mnaujua kuliko mimi. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapokea maji ya sehemu kubwa ya jiji, unaingia baharini pale daraja la Selander. Mji huu ulichorewa mipango mikuu mwaka 1949, ukachorewa tena 1968, na tena 1979. Ule wa 1949 uliyaacha mabonde wazi na kuyaita njia za upepo, ili upepo wa baharini uingie hadi kwenye nyumba za ndani. Waliouchora walikuwa wakoloni na walikuwa na yao ya kutenganisha watu kwa rangi, hilo silifichi. Hata uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na Uhindini na Uzunguni. Lakini tazameni watu walivyoutumia: TANU ilipoanza, pale pale ndipo umma ulipokusanyika kumsikiliza Mwalimu Nyerere. Mji usio na uwanja, watu wake wangekusanyika wapi?

Mabonde yale yalijengwa, kidogo kidogo, na kila kidogo kilikuwa na mtu aliyekiruhusu au aliyegeuza uso. Desemba 2011 mafuriko yalipoua watu na maelfu kukosa makazi, familia zilihamishiwa Mabwepande. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa bondeni hapo hapo Jangwani, na tumeyaona mabasi mapya yakiwa yamesimama ndani ya maji, na Barabara ya Morogoro ikifungwa mvua ikizidi. Sasa Serikali imeingia kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kulipa fidia, kuhamisha watu, kuinua daraja la Jangwani, na kuligeuza bonde kuwa bustani. Mamia ya mabilioni ya shilingi yanatumika ili kipande cha ardhi kirudi kuwa kile kilichochorwa kwenye karatasi tangu zamani. Wajukuu zetu watalipa deni hilo. Uwanja wetu kuuacha ulivyokuwa hakuhitaji mkopo. Kunahitaji ajenda ya 14 irudishwe mezani.

Najua mna shida zenu. Watu waliowahi kukaa kwenye vikao hivyo wameniambia kuwa kabrasha huwafikia jioni ya kuamkia kikao, kurasa zaidi ya mia, na kamati isiyo ya fedha hukutana mara moja kwa robo mwaka, kwa hiyo kila kitu kinarundikwa siku moja. Taarifa imeandikwa na wataalamu, mjumbe hana mchoro mbele yake, na anayeuliza sana anaonekana anachelewesha maendeleo. Najua pia halmashauri inatafuta mapato ya ndani, kwamba kila kibali na kila fremu ya duka ina senti yake, na kwamba kutokana na mapato hayo zinatoka asilimia kumi za mikopo ya kina mama, vijana na wenye ulemavu, ambayo baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wameipata wakafungua saluni. Sipingi majengo. Kata ya jirani walipowekewa lami, mitaro ya zege na taa za barabarani kupitia DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, tulifurahi nao, na hadi leo mama lishe wao wanauza hadi saa nne usiku bila hofu. Tunaomba na sisi zamu yetu ifike.

Ninachokipinga ni uamuzi kufanyika mahali ambapo kitu chenyewe hakionekani, mbele ya watu wasiokijua, kwa tangazo lisilosomeka, halafu sisi tukaja kuujua kwa mlio wa malori. Uamuzi wa namna hiyo ukiwa mzuri ni bahati.

Na jiji hili linajua kufanya vinginevyo. Miaka ya 1990, pale Hananasif, Kinondoni, bondeni kabisa, wakazi walikuwa wanasumbuliwa na maji kila masika. Hawakuletewa mchoro uliokamilika. Walikaa mikutano, wakachagua wenyewe kuwa mitaro ndiyo ianze, Shirika la Kazi Duniani likasaidia, pamoja na wataalamu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, na wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, wakachimba na kujenga kwa ujira. Nilikuwa na shoga yangu akiishi huko, aliyekuwa anakwenda kazini na koleo. Alikuwa anaweza kukuonyesha mtaro ule na kukwambia pale kuna mawe aliyoyapanga yeye. Mtaro wa namna hiyo mtu hatupi takataka ndani yake akiwa anatazamwa.

Nairobi nako kuna la kujifunza. Mwaka 1989 pale Uhuru Park palipangwa jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaanza kwa kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwa kila ofisi inayohusika, akiuliza maswali. Alitukanwa hadharani, hata bungeni. Leo hakuna jengo lile, na watu wa Nairobi wana mahali pa kunyoosha miguu. Sijilinganishi naye hata kidogo. Nasema tu kuwa naye alianza na karatasi na kalamu, na mimi hivyo ndivyo nilivyo navyo.

Sheria ziko upande wa hili ninaloliomba. Katiba yetu, ibara ya 146, inaanza kwa kusema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imewapa nyinyi, halmashauri, kuwa mamlaka ya upangaji. Nguvu hiyo haiko kwa mwekezaji wala kwa dalali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, na mwisho wa uwanja wetu hadi mtoni si mbali, naomba wapima waje na futi yao. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Barua yangu ya kuomba nakala ya muhtasari, mchoro na maombi ya mwendelezaji iko mezani kwenu tayari, na siku nazihesabu.

Sasa maombi yangu.

La kwanza ni la dharura. Simamisheni ujenzi, na kabla ya mvua za vuli kifusi kiondolewe, angalau upande wa mtaro, ili maji yapate njia. Hata kama mtaamua baadaye kuwa jengo liendelee, bibi yule na wajukuu zake hawawezi kulala usiku mwingine wakiwa wanasikiliza mvua. Hili halihitaji robo mwaka.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike wazi badala ya kuishia masjala. Naomba iwe kanuni ya kamati yenu kwamba ombi lolote linalogusa eneo la wazi lisomwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa mtaa husika, kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, mwenyekiti wa mtaa akiwepo na mchoro ukiwa umetundikwa mahali watu wanaweza kuusogelea. Maoni ya mkutano yaandikwe, yaambatanishwe kwenye kabrasha, na mjumbe asiyeyaona awe na haki ya kukataa kujadili. Tangazo nalo liwekwe kwenye eneo lenyewe. Libao kubwa, la bati, lililosimikwa ardhini, limeandikwa kwa maandishi ambayo dereva wa bodaboda anaweza kuyasoma akipita: uwanja huu unaombewa kubadilishwa kuwa kitu fulani, aliyeomba ni fulani, mwenye pingamizi aende mahali fulani kabla ya tarehe fulani. Kama kuna fedha za kupaka alama nyekundu ya X kwenye nyumba za watu, na ipo rangi ya kutosha kwa hilo, basi haikosekani rangi ya kuandikia libao hilo.

Muhtasari ukishathibitishwa, ukurasa unaohusu mtaa ubandikwe ofisi ya mtaa huo. Uandikwe nani alikuwepo na nani alitangaza maslahi. Mjumbe aliyepiga kura kwa moyo safi hana cha kuogopa, tena atapata watu wa kumtetea.

Lingine ni hili la "hakina mwenyewe". Nimeambiwa viwanja vya wazi vingi havina hati, na hilo ndilo tundu panapoingilia mikono. Naomba kila eneo la wazi la halmashauri yetu lipimwe upya, liwekewe bikoni zinazoonekana, liandikwe kwa jina ambalo wakazi wanalitumia, na orodha nzima itundikwe kila kata. Wakazi wa Dar es Salaam tulihesabiwa 4,364,541 mwaka 2012. Mwaka 2022 tukawa 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kucheza akiwa mtoto na pa kulazwa siku ya mwisho wake kabla ya kupelekwa makaburini. Viwanja vya wazi haviongezeki. Vilivyopo ndivyo hivyo tulivyochorewa.

Mwisho naomba ugeni wenu. Najua kamati hufanya ziara za kukagua miradi, mnapanda basi dogo mnaonyeshwa madarasa na zahanati. Safari ijayo tuwekeni kwenye ratiba. Msije wakati wa kiangazi, njooni siku mvua imetoka kunyesha, mvae viatu vya mvua. Tutawapitisha kichochoroni, mpinde ile kona, mfike kwa bibi muione alama ya maji ukutani, halafu mtoke mpaka kwenye mabati.

Mkutano mkuu wa mtaa wetu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi jioni. Tutakaa barabarani kwa sababu ndani hatuingii. Viti vya msiba tulivyonunua kwa kuchangishana viko 120, na kumi na mbili tumevitenga kwa ajili yenu, mstari wa mbele. Mabinti wameomba waje na mpira wao, nimewakubalia.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa mtaa tangu 1988